Alifu na A ni ndugu wa tumbo moja



Miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa sekondari hapa Dar es Salaam, nilimsindikiza bibi yangu mzaa baba katika ofisi moja ya umma kufuatilia haki zake baada ya babu kufariki. Karani alijaza fomu, kisha akamwuliza: "Bibi, unajua kusoma na kuandika?" Bibi akajibu: "Najua, mwanangu." Akapewa kalamu. Akainama, akaandika jina lake na la baba yake, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika maisha yake yote.

Karani akatazama, akacheka kidogo. "Hapana bibi, hizo ni za msikitini. Mimi nauliza kusoma kwa kawaida." Akalikata jina lile kwa mstari, akasogeza kidau cha wino, na bibi akaweka dole gumba. Katika nafasi ya elimu akaandika: Hajui kusoma.

Nilikuwepo, na sikusema neno. Kwa hakika niliona aibu, na ubaya wa aibu ile ni kwamba sikumwonea karani. Nilimwonea bibi yangu. Nami niliamini kuwa ziko herufi za dunia, ambazo ni A, B, C, na ziko herufi za chuoni, ambazo ni alifu, be, te, na kwamba hazina uhusiano wowote.

Imenichukua miaka mingi ya kusoma hapa na pale kujua kwamba yule karani na mimi tulikuwa wajinga wa jambo moja kubwa. Herufi alizozikata na herufi alizokatia ni ndugu wa tumbo moja. Leo napenda nimweleze msomaji jambo hili alifu kwa kijiti, na mwishoni nitarudi kwa bibi, maana habari yake haikuishia ofisini.

Machimbo ya Sinai

Katika jangwa la Sinai, nchini Misri, pana mahali paitwapo Serabit el-Khadim. Wafalme wa Misri ya kale walichimba hapo mawe ya feruzi. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, Flinders Petrie, alikuta hapo maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ambayo hayakuwa ya Kimisri. Maandishi ya Wamisri yalikuwa na mamia ya picha, na kujifunza kwake kulikuwa kazi ya miaka. Haya yalikuwa na alama chache tu, ambazo ukizihesabu hazifiki hata arobaini.

Mwaka 1916 mtaalamu mwingine, Alan Gardiner, alifumbua neno moja lililojirudia mara nyingi. Alilisoma Baalati, jina la mungu wa kike wa watu wa Kanaani. Ni mzizi ule ule wa Ba'al, sanamu linalotajwa katika Surat As-Saffat, katika kisa cha Nabii Ilyas (a.s.). Kwa hiyo walioandika pale walikuwa watu wa lugha za Kisemiti, jamaa ya Kiarabu na Kiebrania, waliofika kufanya kazi katika nchi ya Mafarao. Maandishi yao yana umri wa zaidi ya miaka 3,500. Katika miaka ya 1990 maandishi mengine ya namna hiyo yalipatikana Wadi el-Hol, upande wa Luxor.

Walichokifanya watu wale ni kitu chepesi, na ndiyo maana ni kikubwa. Walichukua picha ya kitu wanachokijua, wakaacha maana yake, wakashika sauti ya kwanza tu ya jina lake. Tufanye mfano kwa Kiswahili. Tukikubaliana kuwa picha ya taa isomwe T, na picha ya meza isomwe M, basi taa na meza zikikaa pamoja zinasomeka T-M, na msomaji atajua kwa mtiririko wa maneno kama ni "tamu" au "tuma". Kwa picha chini ya thelathini mtu anaweza kuandika kila neno la lugha yake. Elimu iliyokuwa ya makarani wa mfalme ikaweza kuingia mikononi mwa mchimba mawe.

Kichwa cha ng'ombe

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji, uandike A kubwa katika karatasi. Kisha igeuze karatasi juu chini. Utaona kichwa cha ng'ombe: pembe mbili juu, pua chini. Hiyo ndiyo alifu ya kwanza. Kwa watu wa Kanaani ng'ombe aliitwa "alp", na sauti ya kwanza ya neno hilo si "a" hasa, bali ni ule mkato wa koo ambao chuoni tunauita hamza.

Nyumba waliiita "bayt", kama Kiarabu. Picha ya nyumba ikawa B, nayo ndiyo be yetu. Na msomaji anayependa mashairi akumbuke kwamba hata "beti" la shairi ni bayt hiyo hiyo. Maji yalichorwa kama mawimbi, na M ya Kizungu hadi leo ina mawimbi yake. Kichwa ni "ra's", neno tunalolisikia katika "rasi" za pwani yetu na katika "rais", mkuu wa watu. Hiyo ni R, nayo ni re. Kiganja ni "kaff", ikawa K. Mkono ni "yad", ikawa ye kwa Waarabu na I kwa Wazungu. Jicho ni "'ayn", likachorwa mviringo. Hadi leo Mwarabu akitaja jina la herufi aini anataja jicho, na Mzungu akiandika O anachora jicho bila ya kujua.

Tazama pia sini. Jina lake kwa Kiebrania, shin, lina maana ya jino, na kwa Kiarabu "sinn" ni jino. Maalimu alipotufundisha kuhesabu meno matatu ya sini, hakuwa anatania. Wagiriki waliilaza herufi hiyo ubavu, na kwa Warumi ikawa S.

Abjadi na ABC

Karibu miaka 3,000 iliyopita picha zile zilikwisha kupungua na kuwa mistari. Wenye herufi hizo wakati huo walikuwa Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa miji ya pwani ya Lebanon, kama Tiro, Sidoni na Jubayl, ambao Wagiriki waliuita Byblos. Huko Jubayl mwaka 1923 lilipatikana jeneza la jiwe la mfalme Ahiramu, lenye maandishi yaliyokwisha kukomaa. Herufi zao zilikuwa 22, zote konsonanti, na ziliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Herufi hizo zilikuwa na mpangilio, na mpangilio huo tunao sisi. Waliosoma chuoni zamani wanaujua: abjad, hawwaz, hutti, kalaman, sa'fas, qarashat. Wengi tulidhani ni maneno ya kukariri tu. Lakini hebu tazama. "Abjad" ni alifu, be, jimu, dali. Mzungu anasema A, B, C, D. "Kalaman" ni kafu, lamu, mimu, nuni. Mzungu anasema K, L, M, N. "Qarashat" ni qafu, re, shini, te. Mzungu anasema Q, R, S, T. Mtoto wa shule ya msingi anayeimba ABC anaimba abjadi, wala hakuna aliyemwambia.

Hesabu ya herufi pia imejengwa juu ya mpangilio huo: alifu ni moja, be ni mbili, ye ni kumi, kafu ni ishirini, qafu ni mia. Namba 786 inayoonekana katika maduka na magari ya Waislamu imetokana na kujumlisha herufi za Bismillahi kwa hesabu hiyo. Pana mjadala juu ya desturi hiyo, nami sikusudii kuuingia. Ninachosema ni kwamba Wagiriki nao walihesabu kwa herufi, na kwao pia kappa ni ishirini na lambda ni thelathini. Ndugu wanajulikana kwa sura na kwa tabia.

Sauti walizozikosa Wagiriki

Wagiriki walizipokea herufi kwa Wafoinike yapata karne ya nane au ya tisa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), na hawakuficha. Mwanahistoria wao Herodotus aliandika kuwa herufi zililetwa na Wafoinike. Hata kama asingeandika, majina yanatosha kuwa ushahidi: alfa, beta, gama, delta hayana maana yoyote katika Kigiriki.

Lakini Mgiriki alikutana na sauti asizoweza kuzitamka. Hakuwa na hamza, wala hakuwa na aini. Badala ya kuzitupa alama hizo, alizipa kazi nyingine. Alifu ikawa sauti "a". He ikawa "e". Ye ikawa "i". Aini ikawa "o". Wau ikawa "u". Hivyo ndivyo vokali zilivyopata viti vyao katika safu ya herufi.

Tusiwacheke Wagiriki, kwani sisi tumefanya yale yale. Waarabu wanasema "'ilm", "'aql" na "saa'a", zote zina aini. Sisi tunasema elimu, akili na saa. Aini imetutoka kooni, tukabaki na vokali.

Mwanzoni Wagiriki pia waliandika kutoka kulia. Kisha wakawa wanaandika mstari mmoja kwenda na mmoja kurudi, kama mkulima alimaye kwa maksai. Mwishowe wakashika kushoto kwenda kulia, na herufi nazo zikageuka uso. Kutoka kwao herufi zilikwenda kwa Waetruski wa Italia, na kutoka kwa hao zikafika Roma. Waetruski hawakutofautisha "g" na "k", kwa hiyo gama ikawa C. Warumi walipotaka "g" yao, waliiongeza C kijimstari, ikawa G. Na wau moja imezaa watoto watano katika herufi za Kizungu: F, U, V, W na Y.

Njia ya pili

Tawi la pili la Wafoinike lilikwenda kwa Waaramu wa Shamu, ambao lugha yao ilitumika katika dola kubwa za mashariki. Kutoka kwa Waaramu zilitoka herufi za Kiebrania cha leo, na zilitoka pia herufi za Wanabati, Waarabu waliochonga mji wa Petra katika miamba. Wanabati waliandika kwa haraka, wakaunganisha herufi. Kichwa cha ng'ombe kikapoteza pembe, kikabaki kijiti kimoja kilichosimama. Hiyo ndiyo alifu yetu. Jiwe la Namara lililopatikana Shamu, la mwaka 328, limeandikwa lugha ya Kiarabu kwa herufi za Kinabati. Liko kabla ya Hijra kwa karibu karne tatu.

Njia hii nayo ilikuwa na mitihani. Herufi zilikuwa 22 na Waarabu wana sauti 28. Tena kwa kuandika haraka, baadhi ya herufi zilifanana kabisa: be, te, the, nuni na ye katikati ya neno ni kijino kimoja tu. Dawa ikawa nukta. Ndiyo maana the imekaa na te, dhali imekaa na dali, na ghaini imekaa na aini. Ndiyo maana pia zile sita za nyongeza, the, khe, dhali, dhadi, dha na ghaini, ziko mwisho wa abjadi, zimekuja baadaye.

Sauti pia zilihama. Pale wenzao waliposema "p", Waarabu walisema "f". Ndiyo maana Plato kwao ni Aflatun. Na herufi ya tatu, ambayo Mgiriki aliitamka "g", Waarabu wengi wanaitamka "j", ingawa Mmisri wa Cairo hadi leo anasema "gamal" akimtaja ngamia.

Iko karatasi ya mafunjo huko Vienna, Austria, iliyotoka Misri, ya mwaka 22 Hijria (643), zama za Sayyidna Umar (r.a.). Ni stakabadhi ya kondoo 65 waliochukuliwa kwa ajili ya jeshi la Waislamu. Imeandikwa Kiarabu na Kigiriki katika karatasi moja, na baadhi ya herufi za Kiarabu tayari zina nukta. Ndugu wawili waliopoteana karne nyingi wamekaa ukurasa mmoja wakihesabu kondoo, na hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa hajui kusoma.

Irabu zilikuja kwa hatua. Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, anatajwa kuwa wa kwanza kuweka alama za vokali katika msahafu, na zilikuwa nukta za rangi. Katika karne ya pili Hijria, Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra, akaweka fataha, kasira na dhuma tunazozitumia. Dhuma yake ni wau ndogo. Ukiitazama vizuri utaiona.

Kiswahili katika herufi zote mbili

Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India. Hiyo ni miaka mia na zaidi kabla ya shule yoyote ya kikoloni katika pwani hii. Watu waliandikiana habari za biashara, waliweka wasia, walitunga tenzi.

Kazi haikuwa nyepesi. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina vokali tano. "Pita" na "peta" ziliandikwa sawa. "Kuku" na "koko" ziliandikwa sawa. Hapakuwa na "p", wala "ch", wala "v". Wazee wakafanya kama walivyofanya Wagiriki na Waarabu kabla yao: wakatengeneza. Wengine waliazima herufi za Waajemi, kama be ya nukta tatu kwa "p". Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka huo huo wa 1930 serikali za kikoloni ziliunda Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Njia moja ilipewa bajeti, shule na mitihani. Nyingine iliachiwa sanduku la bibi.

Makosa mawili

Katika jambo hili pamefanyika makosa mawili, nami nitayasema yote kwa insafu.

Kosa la kwanza ni la wale waliohesabu kwamba asiyejua A, B, C hajui kusoma. Kwa mstari mmoja wa kalamu waliwageuza watu waliokuwa wakisoma na kuandika kwa karne nyingi kuwa mbumbumbu, na wajukuu wao, nikiwemo mimi, wakaamini.

Kosa la pili ni letu. Wapo wazee wetu waliozikimbia herufi za Kirumi kwa kudhani ni herufi za ukafiri, wakawazuia watoto shule. Walikuwa na hofu zao, na zipo zilizokuwa na msingi, kwani shule nyingi zilikuwa za misheni. Lakini herufi hazina dini. Zilianza kwa watu waliomwandika Baalati. Mtume (s.a.w.) aliwakubalia mateka wa Badri wasio na mali wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, na walimu hao walikuwa washirikina. Alimwagiza Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza kwa muda mfupi; riwaya moja inasema nusu ya mwezi. Zaid huyo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Sanduku la bibi

Bibi alifariki miaka ya 1990. Aliacha sanduku la mbao lenye karatasi nyingi. Hakuna mmoja wetu aliyeweza kuzisoma. Qur'ani tuliisoma kwa irabu zake zote, lakini mwandiko wa mkono, usio na irabu, ulitushinda. Kwa kuwa tuliona herufi za Kiarabu, tulidhani zote ni aya na dua. Tukafanya adabu ya wasiojua: tukazichoma ili zisikanyagwe, na majivu tukayazika. Mimi ndiye niliyelibeba sanduku hadi nyuma ya nyumba.

Baada ya miaka kadhaa ukazuka ugomvi wa mpaka katika shamba letu la minazi. Ndani ya juzuu ya bibi palikuwa pamebaki karatasi moja. Nilimpelekea maalimu mmoja mzee. Alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, na nilipomsikia nilishtuka. Kilikuwa Kiswahili! Bibi ameandika minazi mingapi imenunuliwa, kutoka kwa nani, mbele ya mashahidi gani, na mpaka unaanzia mti upi. Mwisho ameandika kuwa mkataba wenyewe, wenye saini za wote, umo sandukuni. Maalimu akanitazama juu ya miwani. "Sanduku liko wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Sehemu ile ya shamba hatunayo leo. Stakabadhi ya kondoo wa Misri imedumu karibu miaka 1,400, na ya minazi ya bibi haikupita mikono ya wajukuu zake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nina maombi matatu. Kwanza, kama nyumbani kwenu liko sanduku, msichome kitu kabla hakijasomwa. Mtafuteni mzee anayejua, maadamu bado yupo. Nyaraka za Taifa kule Zanzibar na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam navyo vinatunza hati za namna hii. Pili, walimu wa madrasa watoe japo saa moja kwa wiki watoto waandike Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Majina yao, anwani, barua kwa mama. Tatu, mtoto anapojifunza ABC, mwambieni kuwa A ile ni alifu iliyobaki na pembe zake. Asije akasimama siku moja mbele ya karani akamwonea aibu bibi yake.

Wabillahi tawfiq.